Beseni Bichi

Jirani yangu hapa mtaani huunga mabeseni yaliyopasuka. Hukilaza kisu kwenye makaa ya mbabula, lile jiko lake la bati, mpaka kigeuke chekundu, halafu hukipitisha kwenye ufa, na plastiki inalainika, inashikana, inatoa moshi mweusi unaopanda moja kwa moja hadi barazani kwangu. Wajukuu wangu hukimbilia ndani wakiwa wameziba pua. Mimi hubaki kwenye kiti. Harufu yenyewe ni mbaya, tusidanganyane, na kifua changu cha uzee hakiipendi hata kidogo. Lakini ikishanifikia, siko tena hapa. Niko kwenye kilima kimoja upande wa Ngungu, kwenye milima ya Masisi, mtoto wa kike mwenye kimo cha mpini wa jembe, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili ili nisiseme neno.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka nyumba za wakati ule zilivyonukia udongo. Chungu cha maharagwe, chungu cha sombe ya majani ya muhogo, mtungi wa maji uliokaa kwenye kona yenye giza na kuyapoza maji hata jua likiwaka. Vyote vilitoka bondeni, na vikivunjika vilirudi bondeni. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kwenda. Wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini juu ya nani atatawala na nani atahama, na sisi watoto tuliona tu kwamba magari yamekuwa machache na chumvi imekuwa ya kulamba kwa ncha ya kidole. Plastiki hatukuijua, hata kwa jina.

Mama yangu alikufa kabla sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Baba akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa upande wa ziwa, huko akaoa, na mimi nikaachwa kwa dada yake mkubwa, shangazi Feza. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa maneno, na watoto aliowazaa walikuwa wametangulia wote wakiwa wachanga. Hakunipiga kuliko watoto wengine walivyopigwa, wala hakuninyima chakula. Ila alinisemesha kwa amri tu: leta maji, fagia, ondoka ku moto. Jioni tulikula bugali tukiangalia mlango, yeye upande wake na mimi upande wangu, na aliyekuwa na maneno mengi nyumbani mwetu alikuwa mbuzi. Nikaona kwamba hanitaki. Mtoto akikosa wa kumwambia kama anapendwa, hujijibu mwenyewe, na mara nyingi hujijibu vibaya. Nilichokitaka siku zile kilikuwa kimoja: niwe wa mtu fulani, kama yule mbuzi alivyokuwa wa mtu fulani na kila aliyepita njiani alijua.

Mtu niliyemchagua alikuwa Mama Sikujua, mfinyanzi, aliyekaa peke yake chini kabisa ya kilima, pale mashamba yanapokwisha na kinamasi kinapoanza. Alikuwa Mutwa, wa kabila la watu wa msituni waliodharauliwa na wote. Leo wajukuu wangu wanafundishwa shuleni kwamba kubagua watu ni dhambi, na ni vizuri. Siku zetu tulifundishwa dhambi nyingine zote, hiyo ikasahauliwa. Watu wa kilima chetu, wakulima, Wakristo wa kila Jumapili, walipika maisha yao yote ndani ya vyungu ambavyo mikono ya yule mama ilikuwa imevipapasa ndani na nje, lakini hakuna aliyekubali kunywa kwenye kikombe chake. Akija kwenye lupango, ua wa nyumba ya mtu, alisimama nje mpaka aitwe. Sikuielewa mantiki yake nikiwa mtoto, na sasa nimezeeka na bado siielewi.

Vyungu vyake havikuuzwa kwa pesa. Bei ya chungu ilikuwa tumbo lake: ukikitaka, unakijaza maharagwe mpaka mdomoni, unammwagia kwenye kikapu, chungu kinakuwa chako. Hivyo ndivyo mababu walivyofanya, na hakuna aliyebishana. Walichobishania ni ujanja wa Mama Sikujua. Alikuwa akifinyanga vyungu vyenye shingo ya unyenyekevu na tumbo la mwenye kula vizuri, kwa nje unakiona kidogo, ukianza kumwaga maharagwe yanazama tu. Wanawake walinung'unika, yeye akavuta kiko chake na kusema, "Mimi natengeneza chungu. Tumbo ni Mungu njo anatengeneza."

Nilifika kwake mara ya kwanza nikiwa nimetumwa. Nilimkuta anaviringisha udongo kwenye paja, anaufanya mrefu kama kamba, halafu anauzungusha kamba juu ya kamba mpaka ukuta wa chungu unasimama. Aliniangalia, akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza tangu msiba.

"Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Nyota."

"Jina muzuri. Alikuwa anaimbaka?"

Sikukumbuka kama mama alikuwa anaimba. Nikalia, yeye hakuninyamazisha. Alinipa donge la udongo na kuendelea na kazi yake, na nilipomaliza kulia donge lilikuwa limejaa alama za vidole vyangu. Akalitazama kwa makini kama mtu anayetaka kununua. "Hii ni nini?" akauliza. Nikamwambia sijui. "Basi iko mwanzo muzuri. Na mimi njo naanzaka hivyo."

Toka siku ile kila nilipotumwa maji nilipita kwake. Alinifundisha kuponda vigae vya zamani na kuvichanganya na udongo mpya, kwa sababu udongo mtupu hupasuka kwenye moto, unataka wazee ndani yake. Alinionyesha namna ya kulainisha ukuta kwa jiwe la mtoni na kuutia urembo kwa kamba ya majani iliyosukwa. Donge likiniharibikia alilirudisha kwenye maji na kuniambia nianze tena. Nilipenda hilo kuliko yote. Nyumbani, nikikosea, kosa lilibaki limekaa nasi mpaka usiku. Kule bondeni liliyeyuka kwenye maji na hakuna aliyelitaja tena. Nilikuwa mtoto mpweke na niliona kwamba mahali pekee panaponipokea ni pale kwenye matope.

Mwiko wake mkubwa ulikuwa wa siku ya kuchoma. Vyungu vilivyokauka vilipangwa chini, vikubwa katikati na vidogo pembeni, vikafunikwa kwa kuni, magome na nyasi, na moto ukishawashwa hakuna kusema neno mpaka ndimi za moto zizame. Mpita njia akikuta moshi wa Mama Sikujua alipita kimya, hata salamu hakutoa, hata katekista. Chungu, alisema, kinasikia. Kikisikia maneno kinageuka kusikiliza na kinapasuka. Mimi nilikaa kando yake tukiwa bubu wawili, na ukimya ule haukufanana na wa nyumbani kwa shangazi. Huu tuliukaa pamoja.

Halafu mfanyabiashara mmoja akapanda kilima akitokea mjini Sake, amebeba kichwani mnara wa mabeseni. Yalikuwa mekundu, ya rangi ambayo hatukuwahi kuiona kwenye kitu kisicho damu wala ua. Watoto tulimfuata kama siafu. Alisimama mbele ya kanisa, akalitupa beseni moja chini kwa nguvu, wanawake wakapiga kelele, na beseni likaruka na kutulia, zima.

"Hii iko plastike," akasema. "Haivunjikake. Utakufa, utaiachia wajukuu."

Shangazi Feza hakuwa mtu wa kushawishika, lakini siku chache kabla mtungi wake ulikuwa umevunjika, na alikuwa bado ana hasira nao. Akauliza bei. Yule mfanyabiashara akaanza kutaja pesa. Shangazi akamkatiza, akaingia ndani, akatoka na gunia la maharagwe ya kuvuna, na akaanza kuyamwaga ndani ya beseni. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: chombo kinalipwa tumbo lake. Yule bwana wa Sake akanyamaza papo hapo na akakunja mikono, na ninawaambia, uso wake ulikuwa kama wa padre. Maharagwe yakafika mdomoni. Na hapo beseni likaanza kutanuka. Ukuta wake ulijisukuma nje taratibu, maharagwe yakashuka, pakawa na nafasi tena. Shangazi akaongeza. Likatanuka tena. Wanawake walikuwa wanacheka wakijificha nyuma ya mikono, na shangazi, ambaye hakuweza kurudi nyuma mbele ya watu, akamwaga mpaka gunia likalegea.

Baadaye wengine walinunua pia, lakini kwa pesa, wakajifunza kwake. Nyumba baada ya nyumba pakaonekana chombo chekundu kwenye uchaga. Nami nikaanza kuogopa, maana Mama Sikujua alikuwa ameniambia wazi, akikandakanda udongo bila kunitazama: "Wakiacha kununua, nitakula nini? Msimu hii nikikosa maharage, nitaenda Kashebere, kwa mudogo wangu. Kule mu pori, byombo bya Sake bado kufika." Kashebere kwangu lilikuwa jina tu, mahali pa kulala njiani kabla ya kufika, huko ambako milima ya Masisi inakwisha na misitu ya Walikale inaanza. Nilielewa jambo moja, kwamba mtu akienda huko, mtoto mwenye kimo changu hawezi kumtembelea akiwa ametumwa maji.

Kwa hiyo fikirini furaha yangu siku shangazi alipoligombeza beseni lake. Alikuwa amelijaza maji na kuliinua kwa mkono mmoja, kama alivyozoea kuinua mtungi, beseni likajikunja katikati na maji yote yakamwagikia miguuni. Akaliweka chini. Akalibonyeza ubavu, ukaingia ndani, akaachia, ukatoka.

"Hii iko mubichi," akasema.

Akamwita jirani, naye akabonyeza. Akaja mwingine, akabonyeza. Wote wakakubaliana. Kwenye kilima chetu chombo kilichoiva hulia ukikigonga, na kinachobonyea ni kibichi. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mwanamke tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Yule mwizi wa Sake alikuwa ameuza chombo ambacho hakijapita kwenye moto, ndiyo maana kilitanuka na kumeza gunia zima la maharagwe. Na dawa yake pia ilijulikana. Chungu kikikutwa hakikuiva vizuri, ulimrudishia mfinyanzi pamoja na mzigo wa kuni, akakichoma tena na vyungu vyake.

Jirani walipoondoka shangazi alinifunga mzigo wa kuni mgongoni na kunitwika beseni kichwani. "Peleka kwa Sikujua. Umuambie anichomee pamoja na vyungu yake." Halafu akashusha sauti. "Na usipite ku njia ya watu. Pita nyuma ya migomba."

Sikujiuliza kwa nini nijifiche. Nilishuka nikikimbia, kuni zikinichoma mbavu, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuona maisha yetu yote ya baadaye. Watu wote wangegundua kwamba mabeseni yao ni mabichi. Wote wangeshuka bondeni. Mama Sikujua angechoma vyombo vya Sake mpaka azeeke, na mimi ningekaa kando yake.

Yeye alilipokea kwa mikono miwili. Alilizungusha, akaligonga, halikulia. Akalinusa. Mwishowe akaliuma ukingoni kwa meno yake ya pembeni.

"Ile udongo inatoka wapi?"

"Sijuwe. Kwa Wazungu."

"Haina mawe hata kidogo. Nani aliiponda hivi?" Alikuwa anauliza kwa heshima, fundi anapomuulizia fundi mwenzake. Nadhani pia alikuwa amefurahi, kwa sababu ni muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amempelekea kazi. Alikuwa na vyungu vya msimu mzima vimekauka, tayari kwa moto, ndivyo vilivyokuwa maharagwe yake mpaka mvua. Akaliweka beseni mahali pa mgeni, juu katikati, ili lipate joto la kutosha.

Tukawasha, tukanyamaza.

Mwanzoni moto ulikuwa moto tu. Kisha nikaliona beseni linainama kichwa. Ukingo wake uliteremka upande mmoja kama kope la mtu anayesinzia, katikati pakafunguka tundu, na tundu likala kila kitu haraka kuliko nilivyoweza kupumua. Matone meusi yenye moto juu yake yakaanza kudondoka, yakilia kwa sauti ya mluzi, yakaangukia mabega ya vyungu na kuingia midomoni mwa vyungu. Moshi mweusi ukasimama juu ya bonde. Nilitaka kupiga kelele. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili na kumtazama Mama Sikujua, nikingoja aseme, kwa sababu akisema yeye nami ningeweza. Naye alikuwa anaona yote. Machozi yalimshuka, sijui ya moshi au ya nini, lakini midomo yake ilikuwa imefungwa. Nilimwamini kiasi kwamba niliendelea kutumaini: labda ndivyo vyombo vya Wazungu vinavyoiva, labda ukimya wetu utalirudisha. Tulikaa hivyo mpaka ndimi za mwisho zikazama kwenye majivu.

"Haikuwa udongo," akasema.

Vyungu vilivyotoka vilikuwa na magamba meusi yaliyogandamana ndani na nje. Alijaribu kuyakwangua kwa jiwe, kwa kisu, kwa mchanga. Vikiwashiwa moto vilinuka harufu ileile. Hakuna mwanamke angepika sombe humo.

Moshi ulikuwa umeonekana kilima kizima. Jioni majirani walimuuliza shangazi beseni lake liko wapi, na yeye, aliyekwisha kuchekwa mara moja kwa ajili ya beseni lile, hakuweza kusema kwamba alilituma kwa Mutwa lichomwe. Akasema mtoto alilichukua kwenda kuchezea, na Mama Sikujua akalichoma kwa wivu. Neno la aibu likishatoka hutaka kulindwa, na shangazi alililinda siku hadi siku, hadi Jumapili likasimama mbele ya kanisa pamoja nasi. Papa Anselme, katekista, aliwaweka wale wanawake wawili pande mbili na mimi katikati. Mama Sikujua alisema kwa kifupi kwamba beseni lililetwa na kuni zake, na nani anacheza na mzigo wa kuni? Wengine wakaguna. Ndipo Papa Anselme akachuchumaa mbele yangu.

"Riziki, usiogope. Nani alikutuma?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anaangalia miguu yake, ambayo siku zote ilikuwa na nyufa za shamba, na siku ile ilikuwa imepakwa mafuta ya Jumapili. Nilijua ninakolala usiku. Nilijua bugali yangu inatoka mkono wa nani. Nilijua pia kwamba nikidanganya, yule mmoja aliyeniuliza jina la mama yangu atafukuzwa kama mchawi.

"Shangazi njo alinituma," nikasema. "Alisema ichomwe, iko mubichi."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, hata Papa Anselme mwenyewe, mpaka akajifuta macho. "Basi ni moto njo alikula," akasema. "Mama Feza alipoteza beseni, Mama Sikujua alipoteza vyungu. Nani atalipa nani? Muende mu nyumba zenu na amani." Na amani watu walikwenda nayo kweli, wakiigiza shangazi anavyobonyeza beseni. Mimi na shangazi tulipanda kilima bila yeyote kati yetu kugeuka.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Tangu siku ile hata zile amri zilikwisha. Aliacha kibuyu cha maji mlangoni, nami nikajua niende mtoni. Aliegemeza fagio ukutani, nami nikafagia. Sahani yangu ilijaa kama zamani. Nilikuwa nimesema kweli, kama tulivyofundishwa, na ile kweli ikaniacha peke yangu kuliko uongo ungeweza.

Miaka mingi baadaye, nikisoma kwa Masista, mwalimu wetu wa Kifaransa alitupa neno plastique na kutuuliza linatoka wapi. Mmoja akasema linatoka Sake, tukacheka. Sista akaeleza kwamba ni neno la Wagiriki wa kale. Kwao lilikuwa na maana ya kufinyanga, na kila kitu kinachokubali kupewa umbo, udongo au nta, kiliitwa hivyo. Waingereza nao walilichukua, wakasema plastic juu ya udongo wa mfinyanzi, na hata juu ya akili ya mtoto mdogo, muda mrefu kabla ya beseni la kwanza kuzaliwa. Viwanda vilikuja mwishoni kabisa, vikalikuta jina hilo limekwisha kuzeeka. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, maana darasa lote lilikuwa limejaa moshi mbele ya macho yangu. Jina lilikuwa la Mama Sikujua! Wagiriki wale wangepita bondeni kwetu, wangeona kamba za udongo kwenye paja lake, na wangemwita mtu wa plastiki. Lile beseni ndilo lililokuwa na jina la kuazima. Lilikuwa limekubali umbo mara moja tu, huko kwao, na sisi tulipoliomba likubali mara ya pili lilikufa na kuua wengine. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, na kila aliyeniambia methali hiyo utotoni alikuwa ananikemea. Mama Sikujua hakuijua, au hakuhitaji kuisema. Aliulowesha tu.

Lakini mwaka ule sikujua Kigiriki. Nilijua kwamba maharagwe ya msimu yamekwisha kuvunwa na hakuna chungu hata kimoja kilichopimwa. Nilijua kinachofuata.

Alikuja asubuhi, mzigo mgongoni na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Jiwe lake la mtoni lilikuwa humo, na kiko, na mkeka. Chungu hakubeba. Alisimama nje ya lupango kama kawaida. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni anachambua mbegu kwenye ungo, nami nilikuwa nafagia.

"Mama Feza, minaenda."

"Uende na Mungu," shangazi akajibu bila kuinua kichwa.

"Naomba kitu moya."

"Maharage?"

"Hapana. Unipatie uyu mutoto."

Fagio likanitoka mkononi. Shangazi akaacha kuchambua.

"Nitamufundisha udongo," Mama Sikujua akaendelea, kwa sauti ileile aliyotumia kuuza. "Anajua kidogo. Huku anakaa bure, hakuna muntu anamusemesha. Kwangu tutasema."

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimekwisha kwenda. Mwili wangu ulikuwa pale uani, lakini moyo ulikuwa njiani unauliza msitu wa Walikale unafananaje. Nilipiga hatua moja kuelekea nje. Hakuna mtu wa kilima chetu aliyewahi kutoa mtoto kwa Mutwa, hilo hata mimi nililijua, na sikulijali. Nilingoja shangazi aseme, mchukue, nipumzike.

Shangazi alisimama. Ungo ulimtoka magotini na mbegu zikatawanyika uani, yeye ambaye alikuwa akiinama kuokota punje moja. Akaja upesi na kunikamata mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu iliyoniumiza.

"Uyu?" akasema. "Uyu iko mutoto wangu. Wote nilizika. Wote! Uyu hapana. Uchukue mbuzi, uchukue maharage, uyu hapana."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja. Nilimtazama nikamwona anatetemeka kidevu, na nikaogopa, kwa sababu sikujua kwamba kitu kikavu hivyo kinaweza kutetemeka.

Mama Sikujua alimwangalia. "Kumbe unaweza kuisema," akasema. Akairekebisha ile kamba kwenye paji lake, akanitazama mimi mara moja, akageuka. Mpaka leo sijui kama alikuja kuniomba au kuniombea. Alikuwa mjanja wa kutosha kwa yote mawili.

Nilijaribu kujinasua. Nilivuta, nikapiga teke, nikasimama juu ya mbegu za watu. Nilikuwa sasa wa mtu, kilima kizima kingejua kabla ya mchana, na kifua changu kilikuwa kinapasuka. Nililia nikiita, "Mama Sikujua! Mama Sikujua!" mpaka mzigo wake ukapotea kwenye migomba, na baada ya hapo nikaendelea kuita. Shangazi, bila kuniachia mkono, aliniacha niite.